Je, Kila Ugonjwa Una Mwenye Kosa?

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika alikuwako mzee mmoja, fundi wa kuchonga mitumbwi. Alikuwa mtu mwenye nguvu, mnene kidogo, mcheshi, mwenye kupendwa na watoto. Asubuhi moja aliamka mapema, akachukua tezo yake, akatoka uani. Hakufika hata kwenye gogo alilokuwa akilichonga. Mkewe alisikia kishindo, akatoka mbio, akamkuta amelala ubavuni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume umelegea kama kamba iliyolowa maji. Mzee alitaka kusema neno, lakini ulimi ulikataa. Siku ya tatu akafa.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka bado, na swali lilikuwa limekwisha kuulizwa. Watu hawakuuliza, «Amekufa kwa ugonjwa gani?» Waliuliza, «Nani amemwua?» Na jibu halikuchelewa. Marehemu alikuwa na shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa, mwanamke mzee asiye na mtoto. Miezi michache kabla walikuwa wamegombana kwa ajili ya shamba la mihogo, na siku ile ya ugomvi mwanamke alisema mbele ya watu, «Utaona!» Neno hilo moja lilitosha. Vijana wakaenda nyumbani kwake jioni, wakang'oa nyasi za paa, wakatupa nje vyungu na mkeka wake, wakamfukuza kijijini kwa kelele na mawe. Akaenda zake gizani na kitambaa kimoja begani.

Mimi niandikaye nilikuwako. Nilisimama chini ya mwembe, hatua thelathini toka nyumba ile. Sikutupa jiwe. Lakini sikufumbua kinywa pia, ingawa watu wa kijiji kile huniita mwalimu na labda wangenisikia. Nimeyachukua mambo haya moyoni muda mrefu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Baada ya matanga, mke wa marehemu alikuwa akipanga vitu vya mumewe. Ndani ya mkebe wa chai aliona karatasi ya dispansari na vidonge vingi vilivyobaki. Hakujua kusoma, akaniletea. Karatasi ilikuwa na tarehe ya miezi minane kabla ya kifo, na chini yake hesabu mbili: 200 kwa 120. Kando mganga wa dispansari ameandika kwamba mgonjwa ameze kidonge kila siku, apunguze chumvi, aache tumbako na lutuku, arudi baada ya mwezi. Mama yule alikumbuka vizuri: mumewe alimeza vidonge kwa majuma matatu, kisha akasema, «Mimi siumwi mahali po pote. Dawa ya nini kwa mtu mzima wa afya?» Akavitia ndani ya mkebe, akaufunga.

Hesabu zile mbili maana yake nini? Moyo wetu husukuma damu katika mishipa mchana na usiku, kama mtu apigaye maji kwa pampu katika mabomba. Hesabu ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza, ya pili ni nguvu yake wakati moyo unapopumzika. Zikifika 140 kwa 90 au kupita, tena zikionekana hivyo si siku moja tu, waganga husema kwamba mtu ana ugonjwa wa tansio. Damu inayosukuma kwa nguvu mno huchosha mishipa pole pole, huifanya migumu, hudhuru figo, macho na moyo. Na siku moja mshipa wa ubongo hupasuka, au huzibwa, na sehemu ile ya ubongo isiyopata damu hufa. Mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, mdomo hupinda, usemi hupotea. Hiyo ndiyo kiharusi, na hakika hiyo ndiyo iliyomwangusha fundi wetu. Kwa hila ya ugonjwa huu, mtu haumwi. Anaweza kuwa nao miaka kumi akalima, akacheka, akacheza ngoma. Shirika la Afya la Ulimwengu lilipohesabu mwaka 2021, liliona kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio duniani hawajui kwamba wanayo. Basi ni nani atakayewashangaa wanakijiji, wakiona mtu aliyekuwa mzima jana ameanguka leo kama mti uliokatwa?

Magonjwa ya namna hii ni mengi: tansio, ugonjwa wa sukari, kansere, magonjwa ya moyo, ya mapafu yaliyochakaa kwa moshi. Hayaambukizi. Huwezi kuyapata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala kitanda chake. Hayana mdudu aletwaye na mbu au na maji machafu, ila kansere chache ambazo chanzo chake ni virusi. Huingia bila kelele, hukaa miaka, na mara nyingi hayaondoki tena. Zamani watu walidhani ni magonjwa ya Wazungu na matajiri. Sivyo. Katika mwaka 2021 yaliua watu wasiopungua milioni 43 ulimwenguni, na karibu robo tatu yao walikuwa watu wa nchi maskini na nchi za kadiri, kama yetu.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Mtu akiugua hivi, je, pana mwenye kosa? Na akiwako, ni nani?

Kwanza tusiwacheke wazee wetu wanaouliza «nani?». Swali lao si la kijinga. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Evans-Pritchard, alikaa na Wazande wa Sudani, ndugu zao hao wa kaskazini mwa Kongo, na mwaka 1937 akatoa kitabu juu ya mawazo yao. Anaeleza kwamba pengine ghala ya nafaka huanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua sana kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanajua pia kwamba watu wale walikaa pale kwa kuepa jua. Lakini wanauliza jambo la tatu: kwa nini nguzo ilivunjika saa ile ile, wakati watu hawa hawa walipokuwa chini yake? Hapo ndipo wanapotaja ulozi. Mnaona: wanajua mambo ya mchwa kama sisi. Wanalotaka ni kujua kwa nini yeye, na kwa nini leo.

Elimu ya waganga hujibu nusu tu ya swali hilo. Mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, waganga walichagua watu 5,209, wanaume kwa wanawake, wakaanza kuwapima na kuwafuata mwaka kwa mwaka. Nani atapata ugonjwa wa moyo? Nani atapooza? Nao walikula nini, walivuta tumbako, uzito wao ulikuwaje, tansio yao ilikuwaje? Mwaka 1961 waganga wale walianza kuandika habari za vitu wanavyoviita visababishi vya hatari: tansio iliyopanda, mafuta mengi ndani ya damu, na baadaye wakaongeza tumbako, ugonjwa wa sukari na unene. Lakini tufahamu vema maneno haya. Kisababishi cha hatari si mkuki. Fikirini njia ya usiku yenye mashimo mengi, na njia nyingine yenye mashimo machache. Wapitao njia ya kwanza wataanguka wengi, wapitao ya pili wataanguka wachache. Lakini hata katika njia mbaya wako wanaofika nyumbani salama, na katika njia njema yuko anayevunjika mguu. Mganga anaweza kuwaambia kwamba kati ya watu mia wa namna hii wataanguka wangapi. Hawezi kusema ni yupi, wala siku gani.

Ndiyo maana sisi tunabaki na mfuko mtupu mkononi, nao moyo wa mtu haupendi mfuko mtupu. Kila mmoja wetu anamjua mzee aliyevuta kiko miaka sitini akafa kwa uzee. Basi tunasema, «Mbona yule hakufa? Lazima iko sababu nyingine.» Tena tunamtafuta mtu wa kuijaza nafasi ile iliyobaki wazi. Na mtu anayepatikana upesi ni yupi? Si kapita, wala si tajiri mwenye ng'ombe. Ni mjane asiye na mtoto wa kumtetea.

Wengine watasema: haya ni mambo ya vijiji, watu wenye shule hawafanyi hivyo. Ningependa iwe kweli. Katika mji wa Moscow, mwezi wa Januari mwaka 1953, magazeti ya serikali yalitangaza kwamba waganga tisa mashuhuri, wengi wao Wayahudi, wamewaua wakubwa wa nchi kwa matibabu ya uwongo. Walitajwa hasa marehemu wawili, Shcherbakov aliyekufa mwaka 1945 na Zhdanov aliyekufa mwaka 1948. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa moyo. Lakini Stalin, mtawala wa nchi, hakutaka kusikia kwamba moyo wa mtu mkubwa unaweza kusimama wenyewe. Waganga wakafungwa, wakapigwa ili wakiri. Mmoja wao, Vinogradov, alikuwa mganga wa Stalin mwenyewe, naye alikuwa amemshauri apumzike kazi kwa sababu ya afya yake. Tarehe 1 Machi mwaka ule Stalin alikutwa sakafuni, hawezi kusema, upande mmoja umepooza. Tarehe 5 akafa. Mganga aliyeujua mwili wake alikuwa gerezani. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba mashtaka yote yalikuwa uwongo, ikawafungua. Nchi ile ilikuwa na vyuo vikuu, na viwanda, na eropleni. Haikuwa na wafumu. Na walakini ilifanya jambo lile lile lililofanyika chini ya mwembe wetu.

Kwa upande mwingine mtazameni Roosevelt, rais wa Marekani. Mwezi wa Machi mwaka 1944 mganga kijana alimpima, akaona 186 kwa 108. Tarehe 12 Aprili 1945 alishika kichwa akasema kinamwuma sana, na katika saa chache akafa, tansio yake imepita 300. Alikuwa na waganga bora, lakini dawa nzuri za tansio zilikuwa hazijapatikana. Fundi wetu wa mitumbwi hakuwa na cheo cho chote, lakini dawa aliyoikosa Roosevelt ilikuwa ndani ya mkebe wake wa chai.

Hapo naona baadhi yenu mnatikisa kichwa na kusema: Basi amejiua mwenyewe! Kosa ni lake. Ngojeni kidogo. Hili ni kosa la pili, nalo huwapata hasa watu waliosoma kidogo. Wameacha kumtafuta mlozi nje, wakamwona mlozi ndani ya mgonjwa mwenyewe. Husimama kando ya kitanda wakisema, «Ulikula mno, ulikunywa mno, ndiyo malipo yake.» Hawatupi mawe, lakini maneno yao huumiza karibu sawa na mawe.

Tuulize pole pole, kama tunavyozoea kuuliza katika masomo yetu. Mtu asiyejua kwamba ana ugonjwa, je, ana kosa? Hana. Hakuna awezaye kuilinda nyumba yake na mwivi asiyemjua. Je, mtu ajuaye, lakini dispansari iko mwendo wa siku mbili, na dawa imekwisha, na fedha hana? Huyu naye hana kosa la kuugua, wala la kutomeza. Kosa, likiwako, liko kwa wengine, tena limegawanyika vipande vidogo vidogo kwa watu wengi hata hakuna anayeona kipande chake. Je, mwanamke aliyepika miaka thelathini katika jiko lisilo na dirisha, na sasa anakohoa na kupumua kwa shida kana kwamba amekimbia? Yeye hakuvuta hata kiko kimoja. Moshi wa kuni ameuvuta kwa kuwalisha watoto wake. Shirika lile la Afya linahesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu karibu milioni 3.2. Nani atamwambia mama huyo kwamba amejiletea? Afadhali waume wenzangu waulizane ni nani aliyejenga jiko lisilo na dirisha.

Inabaki mtu wa nne: ajuaye, mwenye dawa mkononi, akaacha. Huyo alikuwa fundi wetu. Sitasema kwamba hana kosa. Mwili tumepewa kuutunza, na mtu mwenye mke na watoto hana mwili wa kwake peke yake. Lakini tupime kosa lake kwa mizani ya haki. Tangu utoto alijifunza kwamba maumivu ndiyo ishara ya ugonjwa, na kwamba dawa huponya, kisha huachwa. Homa hufanya hivyo. Kidonda hufanya hivyo. Sasa anaambiwa ameze dawa kwa ugonjwa asiousikia, tena bila mwisho, nayo dawa yenyewe haimponyi bali inauzuia tu ugonjwa. Ni imani ngumu kuliko tunavyodhani. Sijui kama mganga wa dispansari alikuwa na nafasi ya kumweleza hayo. Watu walikuwa wengi barazani siku ile, mkewe aliniambia. Na tumbako, je? Waingereza wawili, Doll na Hill, walionyesha tangu mwaka 1950 namna tumbako inavyofuatana na kansere ya mapafu. Wenye viwanda walisikia, wakaendelea kuuza. Kijana anayeanza kuvuta akiwa na miaka kumi na minne hachagui kama mtu mzima anavyochagua, na akifika miaka ishirini, tumbako imekwisha kumchagua yeye. Kosa lake liko. Ni dogo kuliko la aliyemwuzia.

Liko jambo jingine linalonikera, kwa kuwa naliona kila mwaka. Wako watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa damu uitwao SS. Mikono na miguu huvimba, mifupa huuma, damu hupungua, macho hugeuka manjano. Kongo ni moja ya nchi zenye watoto wengi wa namna hii. Baba akichoka na gharama husema, «Tumbo la mwanamke huyu ni bovu,» akamrudisha kwao. Basi asikie: ugonjwa huu hauwezi kutoka kwa mama peke yake. Mtoto hupata mbegu moja kwa baba, na moja kwa mama. Wote wawili wakiwa na mbegu moja moja iliyofichika, wao wenyewe huwa wazima, na katika kila mimba iko nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anaifukuza nusu ya kosa lisilokuwa kosa, na nusu nyingine anabaki nayo ndani ya damu yake. Tena mwaka 1954 mganga Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya katika Afrika ya Mashariki, kwamba mtu mwenye mbegu moja tu huikinga malaria kuliko wengine. Kwa hiyo mbegu hiyo imekaa kwetu kwa kuwa iliwaokoa mababu wengi wakiwa watoto. Kitu kimoja kilimwokoa babu, na sasa kinamtesa mjukuu. Mtafuteni mwenye kosa hapo!

Mtaniambia: basi unafuta makosa yote. La, siyafuti. Nataka yarudi mahali pake. Na mahali pamoja pa makosa hayo ni karamu zetu.

Mtu wa kijiji jirani ana ugonjwa wa sukari. Mganga amemwonya juu ya pombe, sukari na bugali mwingi. Siku moja anakuja kwa mkwe wake. Kuku amechinjwa, bugali umepandishwa kama mlima, kasiksi imemiminwa. Mgeni anakula kidogo, anasema, «Nimeshiba, baba.» Mwenye nyumba ananuna. «Je, chakula chetu kina sumu? Unatuogopa?» Angalieni namna hofu ya ulozi inavyoingia hata sahanini. Mgeni anaona haya. Ataonekana mwenye kiburi, au atadhaniwa amewashuku wakwe zake. Basi anakula yote, anakunywa yote, na usiku anaugua. Desturi yetu ya kumkaribisha mgeni ni tukufu, wala singependa ipungue hata kidogo. Lakini ukarimu ni kumpa mgeni kinachomfaa, au ni kuonyesha wingi wa chakula chetu? Mimi naona mwenye nyumba aliyemlazimisha ana sehemu katika ugonjwa ule, sehemu kubwa kuliko mjane ye yote anayedhaniwa mlozi, ijapokuwa hakuna atakayempeleka mbele ya baraza. Na mgeni pia angeweza kusema wazi mapema, «Baba mkwe, mganga amenikataza.» Wengi hawasemi, kwa sababu kuugua kwetu ni aibu. Mtu huficha vidonge vyake kama mwivi anavyoficha mali. Fundi wetu alivificha katika mkebe wa chai. Hata rafiki zake waliokunywa lutuku naye kila Jumamosi hawakujua. Wangejua, labda mmoja wao angemwambia neno.

Chumvi ni vivyo hivyo. Mtu mzima hahitaji kupita gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Samaki wa chumvi, makayabu, na vile vipande vya kutia ladha katika mchuzi vimekwisha kuleta nyingi kabla mama hajatia mkono ndani ya kopo. Lakini mama hapiki kwa ajili ya mtu mmoja. Baba akiwa na tansio, nyumba nzima inapaswa kukubali sombe isiyo na chumvi kama zamani, au mama apike vyungu viwili kwa kuni alizozibeba kichwani. Mnaona kwamba ugonjwa usioambukiza unagusa watu wengi vile vile.

Na wale wenye kuhitaji dawa kila siku ya maisha yao? Mwaka 1921 katika mji wa Toronto, Kanada, Banting na Best walianza kazi iliyoleta dawa ya insulini. Mwezi wa Januari 1922 ikadungwa kwa mara ya kwanza kwa mvulana mgonjwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa wa sukari alikufa tu, hapakuwa na njia. Mwaka 1923 wavumbuzi waliiachia chuo kikuu cha mji huo haki yao kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka kutajirika kwa uhai wa watoto. Imepita miaka mia na zaidi, na bado wako watoto katika vijiji vyetu wanaokufa kwa kuikosa. Mtoto wa namna hiyo akifa, kijiji hutafuta mlozi. Kwa kweli pana watu wenye kosa katika kifo chake, lakini hawakai kijijini, na mfumu hatawataja kamwe. Hii ni hasara nyingine ya ulozi, nayo haisemwi mara nyingi: hasira yetu yote inamwishia mwanamke mzee, na hakuna inayobaki ya kuuliza kwa nini dispansari haina dawa.

Nilikwenda kumtafuta mjane yule mwaka uliofuata. Anakaa kwa ndugu yake, mwendo wa siku moja na nusu mlimani. Nilimkuta akianika mihogo juu ya mwamba. Alinisalimu vizuri, akaniletea kiti na maji. Nilimweleza habari ya karatasi na ya vidonge, na zile hesabu mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

«Mwalimu, siku ile ulikuwa umesimama wapi?»

«Chini ya mwembe, mama.»

«Nilikuona,» akasema.

Tukanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba neno lile «Utaona!» alilisema kweli, wala halikani. Alikuwa na maana kwamba shemeji yake angeona mbele ya kapita shamba ni la nani. Aliuliza kama mke wa marehemu ana nguvu, na kama watoto wanakula. Nikamwuliza kama amekwisha kupimwa yeye mwenyewe damu yake, akacheka, akasema kwamba mlozi hapimwi.

Niliporudi nilisoma karatasi ile ya dispansari mbele ya baraza, mke wa marehemu akiwa kando yangu. Wazee wawili walisema kwamba mjane arudi na ajengewe nyumba. Vijana waliong'oa paa walitazama chini. Ndugu mdogo wa marehemu alisema kwamba karatasi si ushahidi, maana mlozi anaweza kutumia hata tansio. Nilimjibu kwamba kwa maneno hayo hakuna mtu ye yote duniani awezaye kuonekana hana hatia, hata yeye. Kapita aliahirisha shauri mpaka baada ya mavuno. Mavuno yamepita. Shamba lile la mihogo mwaka huu limelimwa na huyo ndugu mdogo, nami nimeomba siku nyingine ya baraza.